Mkomani, Langoni, Shela au ng'ambo Mokowe: pesa yako ya nyumba Lamu iende wapi

Kila ikikaribia Disemba swali ni lile lile, hasa kwa ndugu zetu walioko Mombasa na Nairobi na wale wa Uarabuni wanaotaka kurudi nyumbani: nikitafuta nyumba Lamu nianze mtaa gani, na wapi kuna unafuu. Na majibu wanayopewa pia ni yale yale, Shela ghali, Mkomani ghali kiasi, Langoni nafuu, bara ndo karibu na bure. Si uongo, ila ukinunua kwa hilo jibu peke yake utalia, manake Lamu bei unayotajiwa mlangoni ni ya kuta tu, bado paa, bado maji, bado warithi, bado punda wa kubeba mchanga. Mi hapa nalinganisha jumla ya pesa itakayokutoka mpaka siku unalala ndani, na ukifanya hivyo mpangilio unageuka geuka kidogo.

Alafu tuelewane mapema, Lamu hakuna bei iliyobandikwa ukutani. Nyumba ile ile dalali atamtajia mtu wa Mui (yaani mji wenyewe wa Lamu) bei moja, akija mtu wa bara bei nyingine, akitokea mgeni bei inahamia kwenye yuro. Kwa hivyo mtu akikuandikia WhatsApp "vyumba vitatu Lamu ni shilingi ngapi" huyo hajasaidika na jibu lolote. Namba nitakazotaja hapa za mamilioni ni za kufanyia hesabu tu, usiende nazo kwa dalali ukamwambia ndo bei. Cha maana ni mtaa gani uko juu ya upi na kwa nini, na pesa inajificha wapi.

Shela tuimalize kwanza kwa sababu wengi wetu hatununui huko. Ni kama kilomita 3 kutoka Mui, kwa boti dakika kumi hivi, kwa miguu unafuata pwani kama dakika 40 na maji yawe yametoka. Tangu wageni waanze kununua magofu ya pale na kuyafufua, bei ya Shela iliacha kufuata mshahara wa Lamu, inafuata mfuko wa Ulaya, na matangazo yenyewe utayaona yameandikwa kwa yuro au dola. Unacholipia ni ufuo, upepo na nyumba iliyokwisha, yaani unakuta kila kitu kipo mpaka fanicha, sola na mpishi anayeijua nyumba kuliko mwenyewe. Hilo lisidharauliwe, manake ndo mtaa pekee ambapo bei ya kutajwa na bei ya mwisho zinakaribiana. Hakuna ukarabati wa kukushtua. Ubaya wake ni kwamba kila kitu baada ya hapo ni boti, mtoto shule, gesi, fundi wa stima, mgonjwa usiku. Wakati wa upepo wa kusi maji yakichafuka hiyo dakika kumi haina raha.

Kitu ambacho wanunuzi wa Kenya hawakiulizi Shela: muuzaji ni raia? Katiba ya 2010 kifungu cha 65 inasema asiye raia hamiliki ardhi zaidi ya lisi ya miaka 99, hata awe alinunua moja kwa moja zamani. Sasa ukinunua kwake unanunua miaka iliyobaki, na nyumba ya kudumu na nyumba ya miaka iliyobaki si bei moja hata kama zote zina bwawa la kuogelea. Na mtu akikuonyesha "ploti" kule kwenye milima ya mchanga nyuma ya Shela, geuka urudi. Huo mchanga ndo unaohifadhi maji matamu, visima vinavyonywesha Mui viko hapo, na kesi za hapo haziishi.

Sasa Mkomani. Hapa nitakaa sana kwa sababu ndipo watu wanapodanganyika zaidi, juu na chini. Kwa asiyejua, ukisimama Mkunguni mbele ya Ngome ukatazama pwani, Mkomani ni upande wa kaskazini na Langoni kusini. Mkomani ndo kwenye nyumba za mawe zile za zamani, na ndo roho ya ule Mji wa Kale ulioingizwa UNESCO 2001, eneo lenyewe halifiki hata hekta 16 ukipima.

Ndani ya Mkomani kuna bei mbili tofauti kabisa. Mbele, Usita wa Pwani, ile njia ya ufuoni, ni bei ya biashara, pale unauziwa mandhari na wapita njia, na ukitaka hoteli au mkahawa sawa, lakini kwa kuishi mi sipaoni, kelele za injini za boti kutoka alfajiri, na bamvua likija maji yanakufuata mpaka barazani. Ndani, ukishavuka Usita wa Mui, ile njia kuu ya maduka, ukaingia vichochoroni, bei inashuka, na nyumba zinakuwa bora. Ndo maajabu yake. Nyumba yenye daka zuri (kibaraza cha mlangoni), tekani (nafasi ya kuingilia), kiwanda (ua) wazi katikati, misana (kumbi ndefu) na zidaka (vishubaka vya ukutani) bado zimesimama, inaweza kuuzwa chini ya jengo la simiti lisilo na sura lililoko pwani, kwa kuwa tu haioni bahari. Na kama ina sabule (chumba cha wageni) juu, ukipanda bahari unaiona, upepo unaupata, na bei ya pwani hukulipa. Kama unataka gesti ndogo mi ningetafuta hapo hapo, ndani lakini juu.

Lakini nyumba ya mawe inahitaji kuchunguzwa kama unavyomchunguza mchumba wa binti yako. Anza na boriti. Vyumba vya Lamu ni vyembamba na virefu kwa sababu boriti ya mkoko haivuki vizuri zaidi ya kama mita 3, na paa lote na dari lote limelala juu ya hizo boriti. Chukua msumari mrefu, panda ngazi, choma boriti pale inapoingia ukutani, sio katikati, manake katikati inakauka, kichwa ndo kinachooza na ndiko mchwa anakoanzia. Ukiingia laini kama keki ya jana basi usihesabu hiyo moja, hesabu chumba kizima, kwa sababu fundi akitoa boriti moja dari la mawe na chokaa lililo juu yake linakuja pamoja nayo. Na boriti zenyewe si za kwenda kununua dukani tu, wanaojenga wanakumbuka marufuku ya kukata miti ya 2018 ilivyoikumba na mikoko.

Kisha tazama ukuta sehemu ya chini, kimo cha goti mpaka kiunoni. Ukiona plasta mpya ya simiti imepigwa rangi safi hapo tu na juu ni chokaa ya zamani, muuzaji anaficha kitu. Matumbawe yanavuta unyevu kutoka chini, chokaa inauachia utoke, simiti inaufungia ndani, kwa hivyo chumvi inatafuta njia nyingine na ukuta unaanza kumong'onyoka kwa ndani ambako huoni. Kuing'oa hiyo simiti na kurudisha chokaa ni kazi ya wiki kadhaa na ni pesa ya maana. Uliza pia birika, lile tangi la maji la nyumba, kama linashika maji, na kama lina visamaki vile vidogo vya kula viluwiluwi vya mbu, utajua nyumba inatunzwa au imeachwa.

Haya, piga hesabu. Tuseme gofu Mkomani unaambiwa milioni 6 na jirani yake, nyumba nzima inayokalika, milioni 10. Kila mtu anaruka na gofu. Lakini kwenye gofu kila mfuko wa chokaa na kila jiwe linashuka botini likapande juu ya punda, na punda anabeba kidogo na analipwa kwa safari, na kichochoro ni cha upana wa mabega. Fundi wa kweli wa zidaka na plasta ya chokaa hawako wengi na wanajijua hawako wengi. Huwezi pia kuamka ukabomoa, Mji wa Kale unalindwa, lazima upate idhini ya kaunti na Makumbusho ya Taifa kabla hujagusa ukuta wa nje au kuinua orofa, na kusubiri nako kunakula kodi ya nyumba unayokaa ukisubiri. Mi sijawahi kusikia mtu aliyemaliza gofu kwa ile tofauti ya milioni 4. Nyumba nzima ya bei ya juu mara nyingi ndo rahisi, na hili nalirudia kwa sababu halisikiki.

Na hapo bado hatujafika kwa warithi. Nyumba nyingi za Mkomani hazina mwenye nyumba, zina wenye nyumba. Mzee alifariki, mke ana thumni yake, watoto wa kiume mafungu mawili mawili na wa kike moja moja, mmoja wa watoto naye kafariki kaacha wake, mwingine yuko Muscat hajaja miaka. Yule kaka anayekuonyesha nyumba na funguo mkononi anaweza kuwa na sehemu ndogo kuliko chumba anachokuonyesha. Usitoe hata amana kabla ya kuona hukumu ya mirathi na majina yote na sahihi zote. Wengine wanauza "bei nzuri" kwa sababu hiyo tu, hawana uwezo wa kuuza, kwa hivyo bei yoyote ni faida kwao. Uliza pia juu ni ya nani. Huku baba humjengea binti yake orofa, na leo chini ni ya familia moja na juu ya nyingine, na ukuta wa pembeni mnachangia na jirani, na wikio, kile chumba cha juu kinachovuka kichochoro, hujui kama limo kwenye mauzo au la mpaka uulize. Na kama ardhi ni wakfu wa msikiti, hiyo haiuzwi, hata dalali akiapa.

Langoni basi. Watu wa Mkomani watakwambia Langoni ni kelele, na ni kweli, soko liko karibu, madrasa, maduka ya Usita wa Mui yanasongamana upande huo, na msikiti wa Riyadha ukiwa na Maulidi mtaa mzima haulali. Mi hiyo naihesabu kuwa thamani. Wakati wa Maulidi mwenye chumba cha ziada Langoni hakosi wa kumpangisha, na siku nyingine zote unatoka mlangoni una samaki, una duka, una msikiti, na hospitali haiko mbali. Majengo ni mchanganyiko, kuna ya mawe ya zamani machache, mengi ni ya bloku, na ukienda nyuma unakutana na za makuti. Kwa chumba kwa chumba hapa ndo bei ya chini ndani ya Mui ule unaotembeka, na jengo la bloku likiharibika unapata fundi yeyote, huhitaji bingwa wa chokaa. Ukishatoka kwenye mipaka ya uhifadhi masharti yanalegea pia, ingawa idhini ya kaunti ya kujenga bado unaitaka.

Hatari ya Langoni na mitaa ya nyuma yake ni moto. Makuti yamebanana, upepo ukiwa wa kaskazi cheche moja inaruka paa mpaka paa, na gari la zimamoto haliingii kichochoro. Kwa hivyo usitazame paa lako tu, panda juu utazame ya majirani, nyumba ya bloku na mabati iliyozungukwa na makuti pande tatu ina bei nzuri kwa sababu hiyo. Tazama na mitaro, mvua ya Mei ikipiga maji yanapita wapi. Ukienda kuiona nyumba Januari kila mtaro ni mkavu na kila mtaa ni mzuri.

Gardeni, Kashmiri, Bombay, Wiyoni, hii mitaa ya nyuma na pembeni, ni pa kujenga zaidi kuliko kununua iliyojengwa. Ploti inapatikana kwa pesa ambayo mwalimu au askari anaweza kuilipa kidogo kidogo, na wengi wamefanya hivyo. Shida ni makaratasi. Huku ndo unakutana na yale makubaliano ya kuandikiana mbele ya mzee wa mtaa, mashahidi wawili na dole gumba, hakuna hati. Mi sisemi usinunue, nasema hiyo bei ilinganishe na bei ya kitu kisicho na hati, usije ukasema "Kashmiri nusu ya Langoni" wakati hulinganishi vitu sawa.

Matondoni na Kipungani ni pazuri, wajenzi wa majahazi, utulivu, lakini kama kazi yako iko Mui utachoka na safari mwezi wa kwanza.

Mokowe. Hapa ndo vijana wengi wanaangukia na nawaelewa. Ni bara, gari linafika mlangoni, lori la mchanga na la simiti linamwaga pale pale, kwa hivyo nyumba ya bloku ile ile ukiijenga Mokowe inakutoka kidogo kuliko ukiijenga kisiwani, bila kuhesabu hata bei ya ardhi. Ofisi za kaunti ziko huko. Na tangu gati la kwanza la bandari mpya ya Lamu, ile ya mradi wa LAPSSET, lifunguliwe Mei 2021 kila mwenye shamba anaeleza habari za meli. Mi ningeweka breki hapo. Bei ya Mokowe na ya mji jirani wa Hindi ina matumaini mengi ndani yake kuliko wapangaji, na ardhi ya bara ya Lamu ina historia, 2014 serikali ilifuta hati za kama ekari laki 5 zilizokuwa mikononi mwa kampuni 22. Kwa hivyo fanya utafutaji rasmi ofisi ya ardhi mwenyewe, usipewe fotokopi. Na kama ni shamba la kilimo, lazima idhini ya bodi ya ardhi, iombwe ndani ya miezi 6 tangu makubaliano, bila hiyo mkataba hauna nguvu kisheria. Boti ya kwenda na kurudi Mui kila siku nayo weka kwenye hesabu, kwa mwezi, kwa mwaka, kwa watu wanne.

Kwa upande wa serikali gharama zinapishana kidogo. Ushuru wa stempu ni asilimia 4 ya thamani mjini na 2 mashambani, analipa mnunuzi. Kwa ule mfano wetu wa milioni 10 Mkomani ni laki 4 taslimu juu ya bei, na wakili bado. Kodi ya faida ya mtaji ilipanda kutoka asilimia 5 mpaka 15 tangu Januari 2023, hiyo kisheria ni ya muuzaji, lakini siku hizi wanauza kwa "bei safi mkononi", yaani na kodi yake akubebeshe wewe. Kabla hujalinganisha nyumba mbili uliza kwa kila moja hiyo bei ni safi ya nani. Nyumba ya Langoni ya milioni 5 "safi" na ya milioni 5 na nusu ya kawaida, ya pili yaweza kuwa rahisi.

Anayetaka kununua kwa hesabu ya wageni, iwe Shela au Mkomani, aweke ndani ya hesabu mwaka kama 2014, baada ya shambulio la Mpeketoni, amri ya kutotoka nje usiku na wageni wakapotea, na 2020 ya korona. Kama mkopo wako haupumui mwaka mmoja bila mgeni basi hiyo nyumba ni ghali kwako hata ikishushwa bei. Na Mei na Juni kila mwaka wageni ni haba, wanakuja Julai Agosti na Disemba Januari.

Kwa hivyo mi nikiulizwa na mtu wa familia, mshahara wa Kenya, watoto wa shule: Langoni, jengo la bloku au jiwe dogo lenye hati na mirathi iliyokwisha, hata kama utalipa zaidi ya Gardeni. Mwenye pesa kiasi na mapenzi ya nyumba za kale, Mkomani ndani, nzima, sio gofu, yenye sabule. Gofu mwachie mwenye akiba ya pili iliyokaa pembeni au fundi mwenyewe. Kijana anayeanza na hana haraka, Mokowe, lakini ploti ya kuishi, sio ya kungojea meli. Shela kama pesa yako si ya shilingi.

Na kabla ya yote panga kwanza nyumba kwenye mtaa huo huo, miezi michache ya kusi na michache ya kaskazi. Kodi ya mwezi Langoni au Mkomani ni kidogo ukilinganisha na stempu peke yake, na ukiwa mpangaji majirani ndo watakwambia, bila kuulizwa, nyumba ipi ina kesi, ipi ina mchwa, na ni kaka yupi anauza nyumba ambayo dada zake hawajui inauzwa.